Mpimeni Akiwa na Kabuti Lake

Nyie vijana mna haraka. Mtu anaingia karakana, anasema bunduki yake inampiga teke, na kabla hajavuta kiti mmeshamfungulia simu kumwonyesha picha za mipira ya kitako: huu mweusi, huu wa kahawia, huu una matundu, huu laini kama godoro la mtoto. Mimi nimestaafu, niko zangu hapa Ipagala nafuga kuku, lakini mkija kuniuliza, "Fundi Yona, mpira gani ni mzuri?" hasira inanipanda. Mzuri kwa nani? Kwa bunduki ipi? Na siku hiyo atakuwa amevaa nini?

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlisikie. Kaeni mtulie, wekeni simu chini.

Kwa asiyeijua kazi yetu: kitako ni ule mwisho wa mbao unaokaa begani. Risasi ikitoka mbele, bunduki inarudi nyuma kwa nguvu, na hilo ndilo teke. Mpira unafungwa kwa skrubu mwisho wa kitako ili bega lisiumie. Kila mtu anajua hivyo. Wasichojua wengi ni kwamba mpira unairefusha bunduki. Ukiongeza unene wa vidole viwili vya mpira, inabidi ukate vidole viwili vya mbao, la sivyo bunduki haifiki begani. Inaishia kwapani, inanasa kwenye nguo. Kama unalenga kopo juu ya kichuguu utacheka na kuanza upya. Mbele ya nyati hakuna kuanza upya.

Aliyenifundisha ni Mzee Malogo, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye mdomo mkali. Asubuhi ukimwamkia "Shikamoo" anakujibu "Marahaba, umekosea nini leo?" Yeye hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa anaikagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa kidole chake mwenyewe, hata kama wewe umeshaikagua mbele yake, halafu anamkabidhi mteja bunduki tupu na kumwambia: "Fumba macho. Inua. Fumbua." Mteja akifumbua macho akakuta jicho lake limekaa sawa na ile nundu ya kulengea iliyo mbele ya mtutu, bunduki ni ya kwake. Akikuta anaangalia dari au anaangalia kitasa cha mlango, kazi bado. Na wateja walivyo, wakiambiwa fumba macho wanatoa kifua, wanabana pumzi, wanasimama wima. Mzee Malogo anawachoma kidole mbavuni. "Nyati hakungoji ujipange kama unapigwa picha ya kitambulisho!"

Mimi nami nilichomwa kidole sana tu. Nikiwa mgeni kwenye kazi nilimfungia mzee mmoja mwembamba mpira laini kupita kiasi, nikidhani ndiyo huruma. Alipofyatua, bunduki ikazama kwenye mpira, mkono wake ukarudi, kidole gumba kikampiga puani. Damu, machozi, na Mzee Malogo amekaa chini anacheka hadi kofia imemdondoka. Tangu siku hiyo najua kwamba bunduki nzito yenye risasi kubwa inataka mpira wa wastani unaokataa kidogo ukiubonyeza kwa gumba. Laini sana ni adui, na mgumu sana haukusaidii chochote. Na ile pembe ya juu ya mpira lazima uiviringishe kwa tupa, ipite kwenye nguo bila kung'ang'ania. Msisahau hilo la pembe.

Sasa Saidi.

Saidi ni mkulima wa alizeti na mahindi, mtu wa Kolo kule Kondoa, makamo, mikono mirefu, maneno machache. Alinijia wakati wa joto, mwaka wangu wa mwisho kazini, bati la karakana linatupika sisi sote. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, lile la safari ya mjini. Bunduki aliyoleta ilikuwa ya marehemu baba yake, na karatasi zake zote zilikuwa safi. Ilikuwa bunduki ya kizamani ya kuwindia, mbao yake imekuwa nyeusi kwa jasho la viganja, na mwishoni mwa kitako pana alama ya nyota iliyochomwa kwa msumari wa moto. Nyuma kabisa niliona matundu ya misumari.

"Hapa palikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Baba alipigilia kipande cha katambuga," akasema. "Ilikuwa inamuumiza bega."

Katambuga ni vile viatu vya tairi la gari. Uwanda huu wote watu wamefanya hivyo: bunduki ikiuma, mtu anakata soli, anapigilia, anashukuru Mungu. Nimezibandua nyingi. Nikamwambia Saidi nitafunga mpira wa kisasa na kukata mbao kidogo.

Akaweka mkono juu ya ile nyota. "Mbao usikate, fundi. Tafadhali. Hii ni kazi ya mkono wa baba yangu."

"Basi itakuwa ndefu."

"Mikono yangu je, huioni?"

Nikampima. Kweli mikono ilikuwa mirefu. Nikamuuliza, na hili nawaapia niliuliza: "Ukienda porini unavaa nini?" Akasema, "Hivihivi tu, shati." Akafumba macho, akainua, akafumbua, jicho likakaa sawasawa. Nikachagua mpira wa wastani wenye unene mdogo, nikaziba yale matundu kwa vijiti na gundi, nikafunga.

Gundi ilipokuwa inakauka ndipo akafungua moyo. Baba yake aliuawa na nyati yeye Saidi akiwa mtoto. Aliyekuwa nyuma yake siku hiyo ni kaka mtu, Mzee Athumani, na Mzee Athumani alirudi kijijini akasema alichokiona: nyati alikuja, ndugu yake akasimama na bunduki kifuani, hakuinua. Aliganda kwa hofu.

"Shuleni nilikuwa naitwa Mtoto wa Aliyeganda," Saidi akasema. "Hadi leo nikipita penye wazee wa bao, kuna mmoja anatetemesha mikono. Mzaha tu, eti. Na mimi, fundi, nikitaka kufyatua nafumba macho. Nasubiri lile teke. Najiuliza kama ni ya kurithi."

Nilimwambia si ya kurithi, ni bega linaogopa kupigwa. Tulikwenda kujaribu bunduki, na kwa ule mpira risasi zikawa zinakwenda zinakotakiwa, macho wazi. Alicheka. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka zake.

Nina desturi moja. Baridi ya Julai ikianza, upepo ule mkavu unaokupasua midomo, huwa napigia simu wateja wangu wa pori kuwauliza bunduki inakaaje. Asubuhi moja mapema nikampigia Saidi. Akapokea mama yake, Bi Mwanaidi.

"Saidi yuko nje na wenzake, mwanangu. Leo wanaingia bondeni. Kuna nyati amekatwa mguu na waya wa majangili, amekuwa mkali, amemkanyaga mama wa watu aliyekwenda kuni. Afisa wa wanyamapori ameleta kibali, wanangoja gari lake lirudi ndipo waende."

"Saidi anakwenda na bunduki ya baba yake?"

"Na bunduki ya baba yake, na kabuti la baba yake. Nimelifua juzi. Lile alilofia, nililitia kiraka mimi mwenyewe. Amesema akienda kwa nyati atakwenda na vyote viwili."

Kabuti! Lile koti zito la kijeshi, pamba ndani, linafika magotini. Mtu niliyempima kwa shati, mbao haikukatwa, mpira juu yake, halafu kabuti nene begani! Nikamwambia, "Mama, mpe Saidi simu." Nikasikia anaita, nikasikia upepo, halafu kimya. Mtandao wa vilima vile mnaujua wenyewe. Nikapiga tena, nikapiga tena, haipatikani.

Nilichukua mfuko wa vifaa na kulikimbilia basi la kwanza linalopita Kondoa hata chai sijanywa. Njia nzima nilikuwa nakanyaga sakafu kana kwamba breki na mafuta viko miguuni mwangu. Mama mmoja jirani yangu akaniuliza, "Baba, una mgonjwa?" Nikamwambia, "Bado." Akasogea mbali nami.

Kolo niliteremka nikapanda bodaboda hadi kwa akina Saidi. Nilipoliona gari la afisa limesimama uwanjani, nusura nilie. Walikuwa wanapakia. Saidi alikuwa katikati yao, amevaa lile kabuti limefungwa vifungo hadi shingoni, bunduki mkononi. Ubavuni pana kiraka kikubwa cha kitambaa cha rangi nyingine. Mzee Athumani alikuwa pembeni ameegemea fimbo, mzee mrefu aliyekauka, kofia safi kichwani. Hakuwa anakwenda, alikuja kuwaombea dua.

"Fundi Yona?" Saidi akashangaa. "Salama?"

"Si salama. Toa risasi zote, nipe hiyo bunduki."

Nikaikagua chemba kwa kidole changu. Nikamrudishia. "Fumba macho. Inua."

Akatazama watu. Wanaume wote wa kijiji wapo pale, na wale wazee wa bao nao wapo. "Fundi, hapa?"

"Hapahapa. Haraka, kama anakujia. Inua!"

Akafumba macho, akarusha bunduki juu. Ikaja hadi kwapani, ule mpira ukabana kwenye mkunjo wa kabuti, ikakwama. Akavuta. Haikutoka. Akabaki amesimama na bunduki kifuani, viwiko nje, haipandi wala haishuki.

Kijana mmoja akaanza kucheka. Wa pili akatetemesha mikono, ule mzaha wao.

"Nyamazeni!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Athumani. Fimbo ilikuwa imemwanguka. Alikuwa anamtazama Saidi kwa nyuma, macho yamemtoka.

"Hivyohivyo," akasema. "Ya Rabi. Hivyohivyo ndivyo alivyosimama. Viwiko vile. Kabuti lile." Akatembea akamzunguka Saidi, akamshika kiwiko, akahisi ile bunduki ilivyobanwa. "Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona mgongo tu na viwiko. Wallahi sikujua kama alikuwa anavuta. Sikujua!" Akakaa chini mavumbini, mzee mzima na kanzu yake nyeupe.

Hakuna aliyecheka tena. Saidi alikuwa amefumbua macho, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini. Nilidhani atamkemea baba yake mkubwa, na haki alikuwa nayo. Badala yake akaniuliza mimi.

"Fundi, nifanye nini?"

"Vua kabuti."

"Lile bonde ni miiba mitupu, lazima nitambae. Na kulivua sasa, mbele yao, sitalivua."

"Nikibandua mpira utafumba macho."

"Nitafumba."

"Basi limebaki moja tu."

Aliitazama ile nyota kitakoni. Afisa alikuwa anaangalia saa, akasema yule nyati akihama bonde kabla hawajamzingira, njia ya watoto wa shule iko upande ule. Saidi akanipa bunduki.

"Kata," akasema. "Baba mwenyewe angesema kata."

Sikilizeni sasa namna ya kukata kitako bila karakana, huenda siku moja mkahitaji. Nilimpima upya na kabuti lake, vifungo vyote vimefungwa. Nikazungusha plasta kwenye mbao mahali pa kukata ili isichanike, nikachora mstari kwa kisu kuzunguka pande zote, nikamkalisha Saidi ashike mtutu na bunduki nikailaza kwenye mfuko wa mahindi. Msumeno wa meno madogo. Huvuti kwa nguvu, unauachia uzito wake wenyewe. Watu wote wamenizunguka, afisa anapigapiga bodi ya gari kwa vidole, na mimi najua nikienda upande hata kidogo mpira hautakaa, na siwezi kurudisha nilichokata. Jasho lilinitiririka kwenye baridi ile. Mbao ya miaka yote ile, ngumu, ilitoa harufu tamu. Kipande kikaanguka na nyota yake.

Nikatoboa matundu mapya kwa keke, nikafunga mpira. Haukulingana na mbao kwa kuwa kitako kinasinyaa kadiri unavyosogea mbele, kwa hiyo ukatokeza nje pande zote, sura mbaya kabisa. Mzee Malogo angenitimua. Nikaukata chini kwa kisu, nikaiviringisha pembe ya juu kwa tupa, nikaipaka nta ya viatu iteleze kwenye kitambaa. "Fumba. Inua. Fumbua." Jicho likakaa. Tena. Likakaa. Tena, huku nikimsukuma bega. Likakaa.

Saidi akaokota kile kipande, akampa Mzee Athumani pale chini alipokaa. Wakapanda gari, wakaondoka.

Nimekaa katika kazi hii miaka mingi na sijawahi kuchukia kusubiri kama siku ile. Mzee Athumani alikuwa anageuzageuza kile kipande cha mbao mkononi. Bi Mwanaidi alikuwa kibarazani anachambua mboga, anachambua jani mojamoja, naye ndiye aliyekuwa ametulia kuliko sisi sote. Nilikuwa nawaza: nimeipa tupa ya kutosha? Skrubu imeuma? Ile gundi ya zamani kwenye matundu nimeikata yote? Mtu mmoja alipofunga mlango wa choo kwa kishindo niliruka.

Halafu ukaja mlio. Mmoja tu, mzito, ukagonga vilima ukarudi.

Tukangoja wa pili. Haukuja. Bi Mwanaidi mikono ikasimama juu ya ungo. Mzee Athumani alikuwa anasoma dua kwa midomo bila sauti. Mimi ni Mkristo, lakini siku ile nilisema amina kwa kila kitu. Muda ulikwenda, sijui kiasi gani, hadi tukasikia filimbi ya afisa kutoka bondeni, ndefu, kisha injini ya gari.

Saidi aliteremka kwa miguu yake mwenyewe. Kabuti lilikuwa na miiba mgongo mzima na mikono yake ilikuwa inatetemeka, na safari hii hakuna aliyeiga. Afisa alisema nyati alitoka kichakani karibu sana, yeye mwenyewe bado alikuwa anageuka Saidi alipomwangusha.

"Alikuja mbio, fundi," Saidi akaniambia. "Nimekuta tu bunduki iko begani. Sikupata hata nafasi ya kuogopa." Akainama, akaweka mikono magotini, akaanza kulia.

Mzee Athumani akanyanyuka kwa kujivuta, akaenda hadi kibarazani, akasimama mbele ya Bi Mwanaidi. Alimvulia kofia.

"Shemeji," akasema, "ndugu yangu hakuganda. Aliinua, ikamkwama. Mimi ndiye niliyeona vibaya, na mimi ndiye niliyewaambia watu."

Bi Mwanaidi hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Kabuti si nililishona mimi? Pembe ya nyati ilichana ubavuni. Kwapani palikuwa pamefumuka kwa juu, na palikuwa na weusi wa lile tairi; lilipobanduliwa nikadhani balaa limekwisha. Kabuti nilikuletea nikakuonyesha wakati wa matanga. Ukaniambia mwanamke ana habari gani na bunduki."

Nilitamani niwe mbali na pale. Mzee wa watu akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, shemeji."

"Mimi nilishakusamehe zamani, ndiyo maana unakula kwangu kila Idi." Akavuta ungo, akarudi kwenye mboga zake. "Usiniambie mimi. Waambie wao."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza. Mzee Athumani akavaa kofia yake, akakishika kile kipande chenye nyota, akaelekea msikitini walikokuwa wanakwenda wanaume wote.